Taa Nyekundu Haina Cheo

Katika kila gari pana mlinzi mmoja asiyelala, asiyelipwa mshahara wala kupewa likizo. Mlinzi huyo ni safu ya taa ndogo zilizopangwa mbele ya dereva, nyuma ya usukani, katika ubao uitwao dashibodi. Kazi yake ni kutoa habari mapema. Iwapo habari hiyo itasikilizwa au itapuuzwa, hilo si juu yake tena. Ni juu ya aliyeshika usukani, na zaidi juu ya yule anayemwamrisha.

Mtaa wa Kator mjini Juba ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa hadi soko la Konyo Konyo, magari hupita yakiwa yamebeba watu, magunia na madumu ya maji. Mengi kati ya hayo yalianza maisha yake huko Japani, yakashushwa katika bandari ya Mombasa, yakavuka Uganda hadi Nimule, kisha yakafuata barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilishwa mwaka 2012. Kitabu cha maelezo ya gari, kama hakikupotea njiani, mara nyingi kimeandikwa Kijapani.

Kwa bahati njema, taa za dashibodi hazihitaji mkalimani. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeweka kanuni nambari 2575 inayoeleza picha za taa hizo, na viwanda vingi vya magari duniani huifuata. Kwa hiyo picha ya birika la oili ni ile ile kwa fundi wa Mombasa, kwa polisi wa barabarani wa Gulu na kwa mama wa nyumbani wa Kator, awe anazungumza Kibari, Kidinka, Kiarabu cha Juba au Kiswahili. Hata mtoto asiyejua bado kusoma aweza kufundishwa picha nne kwa jioni moja.

RANGI NDIYO AMRI

Kabla ya kuijua picha, yafaa dereva aijue rangi. Kijani na buluu ni taarifa tu: indiketa inafanya kazi, au taa kubwa za mbele zimewashwa. Manjano ni tahadhari: pana kasoro, safari yaweza kuendelea kwa uangalifu, lakini gari lifikishwe kwa fundi upesi. Nyekundu ni hatari. Zipo nyekundu nyepesi, kama ile ya mlango ulio wazi au ya mkanda wa kiti usiofungwa, ambazo huondoka mara jambo lenyewe linaporekebishwa. Lakini ziko nne ambazo kila familia yenye gari hapana budi kuzijua kwa moyo.

Ya kwanza ina picha ya birika dogo lenye tone mdomoni. Wengi hudhani taa hii husema kwamba oili imepungua. Katika magari mengi husema jambo zito zaidi, yaani msukumo wa oili umeshuka. Oili husukumwa na pampu ipite katikati ya vyuma vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika, ili chuma kisikwaruze chuma. Msukumo ukikosekana, vyuma hukutana vikiwa vikavu, hupata moto, husagana, na injini hunoki. Muda wa dereva hapa huhesabiwa kwa sekunde au kwa dakika chache. Asimame mahali salama, azime injini, angoje dakika kama kumi ili oili iteremke, kisha avute kijiti cha kupimia. Ikiwa pungufu, aongeze oili inayofaa na kuchungulia chini ya gari kama pana mvujo. Ikiwa oili inatosha, na bado taa inaendelea kuwaka baada ya injini kuwashwa, injini izimwe papo hapo na gari livutwe.

Ya pili ni picha ya kipimajoto kilichosimama ndani ya maji. Taa hii husema kwamba injini imechemka. Juba ni mji wa joto kali. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Katika hali kama hiyo rejeta iliyoziba vumbi, au feni isiyozunguka, haina nafasi ya kujitetea. Dereva azime kiyoyozi, asimame, azime injini, na kufungua boneti kwa uangalifu. Kisha angoje, nusu saa au zaidi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe wakati injini ingali moto. Maji yaliyomo ndani yako katika mgandamizo, na joto lake hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikilegezwa, hulipuka kuwa mvuke na kumbabua mtu uso na mikono. Aidha, maji ya baridi yasimiminwe katika injini iliyochemka, kwa maana chuma chaweza kupasuka.

Ya tatu ni duara lenye alama ya mshangao ndani yake. Hiyo ni taa ya breki. Huenda dereva amesahau kuteremsha hendibreki, na hilo ni jepesi. Lakini kama hendibreki iko chini na taa ingali inawaka, maana yake mara nyingi ni kwamba mafuta ya breki yamepungua, ama kwa sababu yanavuja, ama kwa sababu ferodo zimekwisha. Dereva apunguze mwendo, ajaribu pedali kwa upole, na asimame. Pedali ikizama bila kushika, aingize gia ndogo, avute hendibreki kidogo kidogo, na gari hilo lisiendeshwe tena kabla ya fundi kulitazama. Hapo pia lipo onyo: oili ya injini isitiwe kamwe katika chombo cha mafuta ya breki. Oili hiyo huvimbisha mipira iliyomo ndani ya mfumo wa breki, na breki zote zaweza kufa.

Ya nne ni picha ya betri. Hii husema kwamba betri haichajiwi. Nyekundu hii humpa dereva muda kidogo, lakini kwa sharti moja. Kwanza asimame atazame feni belti. Katika injini nyingi belti hiyo hiyo ndiyo izungushayo pampu ya maji, na ikiwa imekatika, injini itachemka baada ya muda mfupi. Hapo safari imekwisha. Ikiwa belti ni nzima, azime redio na kiyoyozi, na aelekee gereji iliyo karibu bila kuzima injini, kwani ikizimwa huenda isiwake tena. Usiku muda huo ni mfupi zaidi, maana taa za mbele hunyonya betri upesi.

TAA ZA MANJANO

Taa ya manjano haidai kusimama papo hapo, lakini haikuwekwa kuwa pambo. Taa yenye picha ya injini, ikiwaka bila kupepesa, yamtaka dereva aende kwa fundi katika siku chache. Ikipepesa, mafuta hayaungui sawasawa ndani ya silinda, nayo petroli isiyoungua huenda kuharibu bomba la moshi na kichujio chake. Mwendo upunguzwe na safari ifupishwe.

Kwa magari ya dizeli, ambayo askari wengi huyaendesha, ziko taa tatu za kuangaliwa. Ile ya mchoro wa waya uliosokotwa husema ngoja: injini isiwashwe mpaka taa hiyo izimike. Ile ya kichujio cha mafuta husema kwamba maji yameingia katika dizeli. Jambo hili hutokea hasa pale mafuta yanapohifadhiwa katika mapipa na madumu yasiyofungwa vizuri. Kichujio kikimwagwa maji mapema, ni kazi ya dakika chache; kikiachwa, maji hufika katika pampu ya mafuta, na pampu hiyo ni ghali. Ya tatu hupatikana katika baadhi ya magari ya Toyota ya dizeli, nayo ina maandishi T-BELT. Huwaka kilomita zilizopangwa zinapotimia, ili mkanda wa taiming ubadilishwe kabla haujakatika. Wako wanaoizima taa hiyo bila kubadilisha mkanda. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, vyuma vya ndani hugongana.

MKUBWA ASEMAPO “TWENDE TU”

Hapa ndipo ulipo mtihani wa kweli. Mara nyingi aliyeshika usukani ni kijana mwenye cheo kidogo, na aliyeketi kando yake ni mkubwa wake wa kazi, au baba yake, au mjomba anayewahi mazishi. Kijana huona birika jekundu, husema kwa sauti ndogo, “Mzee, taa ya oili imewaka.” Hujibiwa, “Endesha tu, tumekaribia.” Kijana hunyamaza kwa adabu. Baada ya kilomita mbili injini hunoki, na kesho yake lawama zote humwangukia yeye.

Iko sababu nyingine inayowafanya watu wasisimame, nayo haifai kudharauliwa. Mwezi Agosti 2021 abiria waliokuwa wakirudi Juba kutoka Loa walishambuliwa katika barabara ya Nimule, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo watawa wawili wa Kikatoliki. Mtu anayeikumbuka habari hiyo hawezi kupenda kusimama porini na watoto wake. Hofu yake ni ya haki.

Lakini na wapime pande zote mbili. Gari lililosimamishwa mara taa ya oili ilipowaka, laweza kuongezwa lita moja ya oili na kuondoka baada ya robo saa. Gari lililolazimishwa kwenda litasimama vilevile, pengine mahali pabaya zaidi, na halitaondoka kabisa. Injini iliyonoki haichagui kijiji wala kituo cha ukaguzi. Anayeogopa kukwama njiani ndiye hasa apasaye kuitii taa, na kuitazama kabla hajatoka nyumbani.

Basi yafaa iwe desturi katika kila gari la kazi na la familia: aionaye taa nyekundu aitaje kwa sauti, hata kama ni mtoto, na aliye mkubwa kuliko wote garini ajibu kwa neno moja, “Simama.” Mkubwa asemaye hivyo hajapoteza heshima. Cheo kina mamlaka juu ya watu, lakini hakina mamlaka juu ya chuma kilichokosa oili.

UKAGUZI WA ASUBUHI

Mlinzi naye hukaguliwa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, dereva azungushe ufunguo mpaka dashibodi iwake, kisha atulie. Taa za oili, betri na injini zapaswa kuonekana zote. Injini inapowaka, zizimike moja baada ya nyingine. Inayobaki inaeleza kasoro, na ifuatwe kama ilivyoelezwa hapo juu.

Lakini kuna ile ambayo haikuwaka kabisa, na hiyo ni ya kutiliwa shaka zaidi. Huenda glopu yake imeungua. Huenda pia mtu ameitoa makusudi, au ameifunika kwa utepe mweusi, ili mnunuzi asijue kwamba gari lina ugonjwa. Mwenye kununua gari lililotumika asilipe fedha kabla hajafanya jaribio hili kwa mkono wake mwenyewe, injini ikiwa baridi. Muuzaji akisema, “Hiyo taa haina maana,” mnunuzi na ajue kwamba amekwisha kuambiwa maana yake.

Kwa safari ya mbali, ndani ya gari viwemo lita tano za maji safi, lita moja ya oili, feni belti ya akiba, kurunzi na kamba ya kuvutia. Maji hayo ni ya dharura tu. Maji ya mtoni au ya kisima huacha kutu na magamba ndani ya rejeta, kwa hiyo baada ya safari fundi ayamwage na kutia dawa ya kupoozea injini.

Mwisho, familia nzima ifundishwe. Jioni moja gari likiwa uani, baba au mama awakusanye watoto, azungushe ufunguo, na kila mtoto ataje picha na amri yake: birika, simama, kipimajoto, simama, duara lenye mshangao, simama, betri, tazama belti. Mtoto aliyefundishwa hivyo ni mlinzi wa pili ndani ya gari. Yeye hatazami cheo cha mtu, hutazama taa.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza matairi: jinsi ya kuijua tarehe ya kutengenezwa kwake, na kwa nini tairi lililokaa sana juani huweza kupasuka ingawa meno yake yangali mazima.