Usiihukumu Mbegu kwa Msimu Mmoja

Katika pande hizi zetu, tangu Jinja hata Mbale, maneno ya mbegu ya mpunga hayaishi. Mwaka huu mbegu mpya yasifiwa. Mwaka ujao yalaumiwa, na watu huirudia ile ya zamani. Mimi naona kwamba lawama nyingi za namna hii si za haki. Twaihukumu mbegu kwa mavuno ya msimu mmoja, wala hatuulizi msimu wenyewe ulikuwaje.

Jambo hili si dogo. Wengi wetu tusomao hapa, ada yetu hulipwa na mpunga. Mzee akipata magunia ya kuuza, mtoto hurudi shuleni siku ya kwanza ya muhula. Lakini akikopa fedha za mbegu kwa sababu ya sifa alizozisikia kwa jirani, kisha mavuno yakapungua, hasara ni ya nyumba nzima.

Natuangalie kwanza habari za nchi nyingine. Mwaka 1966 chuo cha utafiti wa mpunga cha Los Baños, katika Ufilipino, kilitoa mbegu iitwayo IR8. Ilipatikana kwa kuchanganya mpunga mrefu wa Indonesia na mpunga mfupi wa Taiwan. Bua lake lilikuwa fupi na lenye nguvu, hata lilipotiwa mbolea nyingi halikulala chini kwa uzito wa masuke. Katika majaribio ilitoa zaidi ya tani 9 kwa hekta, na watu wakastaajabu. Lakini mavuno makubwa ya Los Baños yalikuwa ya wakati wa jua, katika majaruba yaliyopata maji ya mfereji. Mbegu ile ile, katika udongo ule ule, ilipopandwa wakati wa mvua ilitoa kidogo zaidi. Sababu ni kwamba mpunga hujaza punje zake kwa nguvu za jua katika majuma ya mwisho kabla ya kuvunwa. Mawingu yakitanda majuma hayo, mapepe huwa mengi.

Sasa tuje kwetu Afrika. Katika miaka ya 1990, Dr. Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake, wakifanya kazi Kodivaa, walichanganya mpunga wa Asia, wenye kuzaa sana, na mpunga wa asili wa Afrika, wenye kushindana na magugu. Kazi ilikuwa ngumu, kwa maana watoto wa wazazi hao wawili aghalabu huwa tasa. Iliwabidi kuvitoa viini vya mbegu vingali vichanga na kuvilea katika chupa. Ndiyo asili ya NERICA. Mwaka 2004 Dr. Jones alishirikiana na Yuan Longping wa China kupewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

NERICA 4 ilitolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2002, na Profesa Gilbert Bukenya, aliyekuwa Makamu wa Rais tangu 2003 hata 2011, aliuhubiri sana mpunga wa nchi kavu. Wengi waliitikia. Lakini mpunga wa nchi kavu hauna mfereji. Tegemeo lake ni mvua. Aliyepanda mvua za kwanza zilipoanza alivuna. Aliyechelewa majuma matatu, jua likamkuta mpunga unatoa maua, alivuna makapi, akasema, "Mbegu hii ni mbaya." Je, mbegu ilikosa nini?

Basi, ndugu zangu, mambo ni mawili, nasi huyachanganya. Doho, katika Butaleja, ambako maji hutoka Mto Manafwa, au Kibimba, kando ya njia ya Jinja na Tororo, mkulima mwenye maji ya kutosha hupata faida mpunga wake ukiiva wakati wa jua. Juu mlimani, pasipo mfereji, jua hilo hilo ni adui. Kwa hiyo swali, "Mbegu gani ni nzuri?" halina jibu. Yafaa tuulize, "Ni nzuri kwa shamba lipi, na kwa msimu upi?"

Shauri langu ni hili: shule yetu itenge kipande cha shamba, tupande mbegu tatu, misimu yote miwili ya mwaka, na tuandike katika daftari tarehe ya kupanda, mvua, siku za mawingu, na uzito wa mavuno. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako watakaosema kwamba kazi hiyo ni ya wataalamu wa Namulonge. Ni kweli, nao twawashukuru. Lakini Namulonge haiwezi kupima mvua ya kila kijiji. Wengine watasema kwamba sisi tumekuja kusoma vitabu, si kushika jembe. Hao nawajibu kwa habari moja. Mwaka 2004 watafiti wa Los Baños walitangaza kwamba joto la usiku likizidi kwa digrii moja, mavuno yao ya wakati wa jua hupungua kwa sehemu kama moja katika kumi. Walijuaje? Kwa sababu waliandika joto na mavuno, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ni hesabu na sayansi, yale yale tunayofundishwa darasani.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, ambao leo mna mashamba Bugiri, Butaleja na Namutumba, tusaidieni. Leteni kibaba cha mbegu mnayoilima, na mtuambie mliipanda lini na mlivuna magunia mangapi. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha.