Lugha Isiyolipiwa Karo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Basi wasomaji wapendwa, hebu niwaulize: ukiambiwa ujifunze lugha mpya nyumbani bila kutoa hata ndururu, utachagua ipi? Wengi wa wanafunzi wenzangu hutaja Kifaransa au Kijerumani, kisha hulalamika kwamba vitabu ni ghali na masomo ya ziada hayalipiki. Sizichukii lugha hizo. Lakini kwa maoni yangu, lugha ya kuanza nayo ni ile ambayo mwalimu wake yuko jikoni kwenu.

Mimi nilizaliwa Nairobi. Wazazi wangu ni Wakamba wa Kitui, lakini nyumbani kwetu ni Kiswahili, na ukitoka nje ya mlango ni Sheng. Mwaka jana susu, yaani nyanya yangu, alikuja kukaa nasi miezi mitatu ili atibiwe macho. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika nyumbani jioni, na kazi yangu ilikuwa kumtia dawa. Siku moja alinishika mkono akasema maneno mengi. Nilitambua "metho" tu, yaani macho. Nikamjibu, "Ndiyo, susu," nikatia dawa. Mama aliporudi usiku ndipo tulipojua kwamba susu alikuwa akinieleza kuwa dawa ile inamchoma, kwamba daktari ameibadilisha, na chupa mpya imo mkobani mwake. Jicho lilivimba siku mbili. Hakuna aliyenigombeza, lakini usingizi sikuupata.

Kesho yake nilichukua daftari kuukuu la Hisabati lililobaki kurasa nyeupe, nikaanza kuandika maneno matano kila jioni. Susu anasonga ugali, mimi nauliza hiki chaitwaje, naandika. Aliposema "kĩw'ũ" nilidhani anasema ana kiu, nikamletea maji. Kumbe "kĩw'ũ" ndiyo maji yenyewe! Hapo nilipata kwa bahati. Lakini siku alipokuja mgeni wa kanisani, susu alininyooshea kidole akaanza, "Kana kaa..." nami nikavuta kiti nikakaa. Walicheka hadi wakafuta machozi. Maana yake ni "mtoto huyu", na mimi nina miaka kumi na sita!

Redio nayo ni mwalimu asiyelipwa. Nilikuwa nasikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, halafu nafungulia Musyi FM, ambayo hutangaza kwa Kikamba. Ukishajua habari yenyewe, maneno mageni yanaanza kujieleza. Na mama mboga wa pale kwetu ni wa Mwingi. Nikienda kununua sukuma wiki namsalimia kwa Kikamba, ananisahihisha, na siku nyingine ananiongezea nyanya moja. Hapo ni faida juu ya faida.

Sikubuni mimi njia hii. Mmishonari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaenda Ukambani mwaka 1849, na mwaka 1850 Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kikamba. Ni nani aliyemfundisha, kama si wenye lugha wenyewe?

Najua baadhi ya walimu wetu watakunja uso. Husema lugha ya mama huharibu Kiswahili, na sitawaficha kwamba muhula uliopita niliandika "mundu" katika insha nikakatwa alama. Nilistahili. Lakini walimu wetu wapendwa, ngeli zilinishinda tangu darasa la nne, na aliyenifungua macho ni susu ambaye hajui kusoma. Yeye husema mũndũ na andũ, nikaona ni mtu na watu. Husema mũtĩ na mĩtĩ, nikaona ni mti na miti. Kĩndũ na syĩndũ, hao ni kitu na vitu wamevaa nguo nyingine. Tangu hapo ngeli si jedwali la kukariri tena kwangu. Kwa hivyo sikubaliani na wanachama wanaotaka mtu akisikika akisema lugha ya kwao atozwe faini. Katiba yetu ya mwaka 2010 inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na katika kifungu hichohicho cha 7 inaitaka serikali ikuze lugha za kienyeji. Kama Katiba imezikalisha pamoja, chama chetu kinaogopa nini? Ningependa tuwe na Ijumaa moja kila mwezi ambapo mwanachama analeta maneno kumi ya nyumbani kwao tuyalinganishe na Kiswahili. Chaki ipo, ubao upo.

Susu alirudi Kitui mwezi wa Desemba, macho yakiwa na nafuu. Hunipigia simu Jumapili jioni. Juzi alinisimulia jambo refu kuhusu mbuzi na jirani, nikafuata yote isipokuwa neno moja. Niliona haya kumkatiza. Nimeliandika daftarini, na kesho nikitumwa mboga nitaliuliza.