Daraja limefupisha njia ya Lupiro, mto umepata masharti

KWA mkazi wa Dar es Salaam mwenye asili ya Lupiro, wilayani Ulanga, safari ya kwenda kwao ilikuwa kwa miaka mingi ni ya msiba au ya likizo ndefu. Kuondoka Ijumaa na kurudi Jumapili ni jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Vumbi la barabara ya Kidatu kwenda Ifakara lilitosha kumla mtu nusu siku, na mbele yake kulikuwa na Mto Kilombero, ambao ulivukwa kwa kivuko au haukuvukwa kabisa.

Hesabu hiyo imebadilika katika kipindi kifupi. Mei 2018 lilizinduliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, linalounganisha Ifakara na ng'ambo ya Ulanga na Malinyi. Juni 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Agosti mwaka huo huo ikazinduliwa lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9. Kutoka Ifakara hadi Lupiro ni kilometa 26 tu.

Anayetaka kuelewa uzito wa daraja hilo na akumbuke kivuko. Usiku mmoja wa Januari 2016, MV Kilombero II ilipinduka mtoni ikiwa na watu na magari, wakati nguzo za daraja zikiwa tayari zimesimama jirani. Haikuwa ajali ya kwanza katika maji yale. Kwa familia nyingi za Ulanga mto ulikuwa kitu cha kuogopa kwanza, na cha kufurahia baadaye.

Sasa mwana wa Lupiro anaweza kufika kwao Jumamosi mchana na kukuta kiangazi kikiwa katika ubora wake. Masika yamekwisha, maji yamerudi mtoni, na mpunga uliovunwa kuanzia Mei umeshaanikwa. Huu ndio msimu ambao bonde hupumua. Kuanzia kulima hadi kuvuna, kaya nyingi hugawanyika: baadhi hubaki kijijini na wengine huhamia shambani, kwenye vibanda vilivyo katikati ya majaruba. Mavuno yakiisha watu hurudi, na pamoja nao hurudi harusi, ngoma na deni za mwaka mzima.

Mgeni hakosi wali wa mchele mpya wa supa, ambao harufu yake hutangulia sinia. Hakosi pia perege au kambale wa kubanika. Wandamba, watu wa mto hasa, ndio waliolijenga jina la bonde hili kwa samaki, na mtumbwi wa mti mmoja bado ni chombo cha kazi. Wapogoro nao, ambao ndio wengi upande huu wa Ulanga, wana ngoma yao ya sangula.

Mwenye siku ya ziada huweza kupanda njia ya Mahenge, ambako hewa hubadilika na boma la Wajerumani, lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji Agosti 1905, bado limo katika masimulizi. Au hurudi kaskazini hadi Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Maporomoko ya Sanje huanguka kwa meta zipatazo 170, na katika msitu huo wanasayansi walimgundua, mwaka 1979, nyani mdogo asiyepatikana popote duniani nje ya milima hiyo. Ni ajabu kidogo kwamba Mjerumani au Mholanzi humjua nyani huyo kuliko mtoto wa Ifakara aliyekulia Sinza.

Hata hivyo, raha hizi zina masharti ambayo kizazi kilichotangulia hakikuyajua.

La kwanza ni mto wenyewe. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Miaka kumi baadaye, Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na mwaka 2023 sehemu kubwa ya lililokuwa Pori Tengefu ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Kisheria tofauti si ndogo: kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hakuna anayeingia katika pori la akiba bila kibali.

Sababu za Serikali ni nzito. Mto Kilombero huchangia zaidi ya asilimia 60 ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndiyo inayoendesha Bwawa la Julius Nyerere. Sheshe, swala wa ardhi oevu ambaye bonde hili liliwahi kuwa na idadi kubwa kuliko mahali pengine popote, amepungua vibaya baada ya mashamba na makundi ya ng'ombe kuingia katika malisho yake. Asiyeona hatari hiyo hajapita bondeni miaka ya karibuni.

Lakini mwanakijiji naye ana hoja yake. Sehemu ambayo babu yake alipiga kambi ya uvuvi kila kiangazi, akabanika samaki na kurudi mvua zikikaribia, leo inaweza kuwa ndani ya mpaka. Mtalii mwenye fedha hupewa kibali na kuongozwa. Mjukuu wa mvuvi aliyekuja kwa siku mbili kumwonyesha mwanawe alikokulia hujikuta akiulizwa karatasi. Uhifadhi usiomwachia mwenyeji njia rahisi na ya bei nafuu ya kuingia kwa amani, hata kwa siku moja, utapata maadui katika watu ambao wangekuwa walinzi wake wa kwanza.

Sharti la pili ni mbu, na hili wenyeji hulitaja kwa utani ingawa si la utani. Lupiro imezungukwa na majaruba yenye majimaji karibu mwaka mzima, na kwa sababu hiyo Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950, imekifanya kijiji hicho kuwa moja ya sehemu zake kuu za utafiti. Imani kwamba kiangazi hakina malaria haina msingi. Mbu aina ya Anopheles funestus, ambao utafiti umeonyesha kuwa ndio hueneza sehemu kubwa ya malaria bondeni humo, huzaliana katika maji ya kudumu na huendelea na kazi yao mvua zikiwa zimesahauliwa. Mtoto aliyekulia mjini, penye malaria chache, hana kinga waliyo nayo binamu zake. Mzazi anayebeba mipira na nguo za sikukuu akaacha chandarua hajajiandaa kwa safari.

Limebaki suala la nani atafaidika. Enzi za kivuko, foleni ilikuwa soko: aliyesubiri kuvuka alikula, akanywa, akanunua samaki. Daraja lilipofunguliwa, magari yakaanza kupita Kivukoni bila kusimama. Lupiro, iliyo kwenye njia panda ya Mahenge na Malinyi, bado husimamisha watu. Juni 2023 ulisainiwa mkataba wa barabara ya kutoka Ifakara kupitia Lupiro na Malinyi hadi Lumecha, mkoani Ruvuma. Lami hiyo ikikamilika, mabasi ya Songea yatakuwa na njia mpya ya kupita Lupiro, na akina mama wanaouza wali na samaki pale njia panda watajua siku hiyo kama yanasimama.