Meli ya Watalii Ikisogezwa Gatini, Nani Hulipa?

Likizo iliyopita kijana mmoja jirani yangu hapa Ndanai, mwanafunzi wa shule ya upili, alirudi kutoka ziara ya Mombasa akiwa na swali. Alikuwa amesimama Likoni na wenzake wakingoja feri. Ng'ambo ya pili waliiona meli nyeupe ya watalii, ndefu kuliko jengo lolote alilowahi kuliona, ikiwa imekwisha kufungwa kwenye gati. Mara zikaja tagi mbili, kamba zikafunguliwa, na lile jitu likasogezwa polepole kando ya ukuta kisha likafungwa tena, mita chache tu kutoka pale lilipokuwa.

"Mwalimu," akaniuliza, "ikiwa imekwisha kufika, kwa nini waisumbue?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, lakini swali lake limenikaa moyoni. Naliandikia leo kwa kuwa naamini linatuhusu sisi wakulima wa majani chai, tulio zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini, kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuyaangalie maji yenyewe. Mombasa bahari haitulii mahali pamoja. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 baina ya kujaa na kupwa, na meli hupanda na kushuka pamoja nayo. Mlango uliokuwa sawa na gati asubuhi, adhuhuri huwa juu ya vichwa vya watu, na ngazi ya kuteremkia ikawa mwinuko usiofaa kwa wazee ambao aghalabu ndio abiria wa meli hizo. Nahodha ana milango katika sakafu mbalimbali za meli yake, lakini kila mlango unataka mahali peupe pa kushukia, pasipo na kreni wala nguzo ya kufungia kamba. Mara nyingine dawa ya yote hayo ni kuisogeza meli hatua chache.

Kisha kuna upepo. Meli ya watalii ina ghorofa nyingi juu ya maji, na ubavu wake ni sawa na tanga lisilokunjika. Mwezi Aprili 2013, huko Mobile katika jimbo la Alabama, Marekani, upepo mkali uliikata kamba zake meli Carnival Triumph iliyokuwa ikitengenezwa, ikaelea bila mwenyewe, na mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha meli akafa. Kwa hiyo rubani wa bandari akisema meli ihamishiwe mahali penye kinga zaidi, au iongezewe kamba, si ushamba wala uoga.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote si maji wala upepo. Ni nafasi. Magati ya zamani ya Kilindini, kuanzia namba 1 karibu na lango la bahari, yalijengwa kwa ajili ya meli fupi za zama zile. Meli ya leo yenye urefu wa mita 290 hukalia gati moja zima na kumega sehemu kubwa ya gati la pili. Ikija meli nyingine kushusha shehena, wakuu wa bandari hawana budi kupiga hesabu kama mama anayewalaza watoto watano kitanda kimoja: wewe sogea huku, na wewe geuka kule.

Na hapa ndipo mkulima wa Ndanai anapoingia katika habari hii, ingawa hakualikwa.

Tusikosee, hata hivyo. Chai yetu iliyokwisha kuuzwa katika mnada wa Mombasa, mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, husafiri ndani ya makontena. Makontena yana magati yake ndani zaidi ya bandari, kuanzia namba 16 na kuendelea hadi kituo kipya kilichofunguliwa mwaka 2016. Meli ya watalii iliyoko Gati namba 1 haiizuii chai kutoka. Wanaosema mitaani kwamba watalii ndio wanaochelewesha chai yetu hawasemi kweli.

Kinachoweza kuzuiwa ni kile kinachoingia. Mbolea ya NPK 26:5:5 inayoagizwa na KTDA kwa wakulima wadogo hufika kwa meli za shehena ya kawaida, si za makontena, na meli za namna hiyo, pamoja na zile za chuma na sukari, ndizo zinazogawana magati hayo ya zamani. Bandari nyingi duniani huipa meli ya abiria haki ya kutangulia. Siilaumu desturi hiyo. Ratiba ya meli ya watalii hupangwa miezi mingi mbele, hukaa bandarini siku moja au mbili, na abiria wake hawawezi kuambiwa wangoje baharini juma zima kama magunia. Lakini kila anapotangulia mmoja, mwingine hungoja, na meli ya shehena ikingoja kupita muda uliotajwa katika mkataba, aliyeikodi hutozwa faini kwa kila siku. Ikiwa imekwisha kuanza kupakua, kisha ikaambiwa iondoke impishe mgeni, wafungaji kamba huitwa tena, rubani huitwa tena, tagi huitwa tena. Mikataba ya meli hubishana sana juu ya jambo hili, na swali huwa lile lile: ni nani aliyetaka isogezwe?

Msomaji mpenzi, gharama hizo haziandikwi popote kwenye gunia la mbolea. Huyeyuka ndani ya bei. Mkulima hukatwa fedha zake za majani bila kujua kama ndani yake mna shilingi ya kamba iliyofunguliwa Kilindini. Nami nimewahi kuipokea mbolea mvua zikiwa zinakwisha, nikaitia shambani kwa sababu tu ilikuwa imekwisha kuandikwa katika deni langu. Ucheleweshaji una mizizi mingi na bandari ni mmoja tu, lakini ni mzizi ambao hakuna anayetuonyesha.

Wako watakaosema kwamba watalii huleta fedha, na sisi tusiwe wachoyo. Kweli huleta. Wengine hushuka Mombasa asubuhi na kupanda ndege kwenda Maasai Mara, ambayo si mbali na hapa kwetu. Fedha zao hupita angani juu ya mashamba yetu, nasi twasikia mngurumo. Hata hivyo nakubali kwamba dereva wa Mombasa, mpishi na mchonga vinyago wanazihitaji meli hizo, tena wanajua uchungu wa kuzikosa. Mwezi Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit katika pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, nayo ikageuza njia ikaenda Shelisheli. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yamezifanya kampuni nyingi zibadili tena njia za meli zao. Mgeni anayepatikana kwa taabu namna hiyo hafai kuachwa akielea nje ya lango.

Ninachodai ni kingine. Halmashauri ya Bandari ya Kenya imekwisha kukarabati jengo la kuwapokelea watalii karibu na Gati namba 1, kwa msaada wa TradeMark East Africa. Basi mgeni amepata sebule, lakini kitanda bado ni kile kile cha kugawana. Ikiwa serikali inaitaka biashara hii, na itenge gati la abiria kwa miezi ya msimu, Novemba hadi Machi hivi, na ijulikane mapema. Na pale ambapo meli ya shehena italazimika kumpisha mtalii, gharama ya kuisogeza na siku zake za kungoja ziwekwe katika hesabu ya utalii, kwa maandishi, mahali ambapo mbunge wa Sotik au wa Bureti anaweza kuisoma na kuuliza swali.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua kama zile tagi mbili alizoziona Likoni zilikuwa zikimhudumia mtalii au zikimpisha mtu mwingine. Hilo, nilimwambia, ndilo ambalo karatasi ya bandari ingepaswa kutueleza.