Tusifanye Mzaha na Springi za Magari

Barabara kuu ya lami itokayo Gisenyi kwenda Musanze ni njema, lakini viazi havilimwi kando ya lami peke yake. Gari linalofuata magunia huko Busasamana halina budi kupita juu ya mawe ya volkano, nayo mawe hayo hayana huruma. Springi huvunjika, na mwenye gari hukimbilia kuichomelea.

Kwa maoni yetu, mtindo huo ni wa hatari na wafaa ukomeshwe.

Bamba la springi hutengenezwa kwa feleji yenye kaboni kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.6, iliyochanganywa na silikoni, manganizi au kromi. Kiwandani hupashwa moto hadi nyuzi 850 hivi za sentigredi, huzimwa katika mafuta, kisha hurudishiwa moto mdogo zaidi ili lisivunjike kama kigae. Hapo ndipo lipatapo tabia ya kupinda na kurudi. Moto wa kuchomelea huiharibu tabia hiyo: kando ya kiungo chuma huwa kigumu mno, na ufa huanzia hapo. Wengine hukata bamba la chuma laini cha ujenzi. Hilo hupinda kwa shehena ya kwanza, lisirudi tena.

Je, mwenye kipato kidogo afanyeje? Abane matumizi mahali panapostahili. Bampa na vishikizo vinavyofungwa kwenye chasisi vyaweza kutengenezwa kwa chuma laini kinene, kwani ni rahisi na hukubali kuchomelewa. Alumini ni nyepesi, lakini ni ghali na humshinda fundi wa kijijini, tuiache. Fedha iliyookolewa inunue bamba jipya, na vyama vya ushirika vinunue kwa pamoja ili bei ipungue.

Tukumbuke tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka kuja kwetu usiku, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara za Rubavu. Siku kama hiyo, gari likivunjika njiani, hasara si ya mwenyewe tu. Ni roho za watu waliomo.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa springi hauzibwi kwa kuchomelea, bali kwa kubadili bamba. Ndugu mafundi, mteja akiwataka mfanye vinginevyo, mkatalieni.