Kung'oa Jino Isiwe Tiba ya Wanyonge

Yako mawazo yaliyozagaa miongoni mwa baadhi ya watumishi wa umma kwamba kijana mwenye meno mabovu ni kijana mzembe. Husemwa kuwa hapigi mswaki, kwamba amezoea vitu vitamu, na kwamba akiwa na pengo mdomoni katika umri wa miaka 25, basi amejitakia mwenyewe. Mawazo haya ni mepesi kuyatamka, hasa kwa mtu ambaye jino lake likitoboka huzibwa. Lakini hayaelezi ukweli, na hapana budi yapingwe.

Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha gamba gumu la jino kidogo kidogo. Mate hulitengeneza gamba hilo yakipewa nafasi. Sukari ikiingia mdomoni mara kwa mara tangu asubuhi hadi usiku, nafasi hiyo haipatikani. Kazi hii haichagui mdomo. Jino la mkurugenzi na jino la mbeba mizigo sokoni huoza kwa njia moja.

Tofauti ya matabaka hujitokeza waziwazi pale tundu linapokwisha kuonekana. Mwenye fedha au bima huenda kwa daktari mapema, tundu likasafishwa na kuzibwa, na jino likaendelea kutafuna kwa miaka mingi. Kijana anayeishi kwa kibarua huvumilia, kwa sababu siku ya kwenda hospitali ni siku isiyo na ujira, na nauli na malipo ya tiba hutoka katika mfuko uleule wa chakula. Hununua vidonge vya kutuliza maumivu dukani na kusukutua kwa maji ya chumvi. Anapofika kwa mganga, usaha umekwisha kuingia na jino haliokoki. Hung'olewa. Baada ya muda hung'olewa jingine. Hivyo ugonjwa mmoja umewekewa tiba mbili: kuziba kwa walio nacho, kung'oa kwa wasio nacho.

Hasara yake haiishii kinywani. Kijana hukesha kwa maumivu, hukosa kazi, na hushindwa kutafuna vizuri. Likiwa limetoka jino la mbele, huuficha mdomo kwa kiganja anaposailiwa kwa ajili ya ajira, na wapo waajiri wanaolihesabu pengo kuwa dalili ya uchafu. Umaskini uliomng'oa jino humnyima tena kazi ambayo ingemtoa katika umaskini.

Wanaomlaumu kijana huyo waulize vilevile nani anayefaidika. Soda, pipi na biskuti zimefika mahali ambako daktari wa meno hajafika. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa chakula, yaani kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja tu ya soda ya kawaida hukaribia au hupita gramu 30. Mwaka 2022 Shirika hilo lilieleza kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kwamba watatu katika kila wanne wako katika nchi za kipato cha kati. Faida ya utamu huenda kwa muuzaji; uchungu huachiwa mnunuzi.

Watatokea watakaosema kuwa kuziba meno ni anasa inayohitaji mashine, umeme na wataalamu wengi. Hoja hiyo ilijibiwa zamani, tena hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Chuo cha meno cha Dar es Salaam kilikuwa chimbuko la njia ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa dawa inayoshikana na jino na kutoa floridi taratibu. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 dawa hiyo ya kuzibia, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, ziliingizwa katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu. Itakuwa aibu ulimwengu ujifunze kutoka Dar es Salaam huku kijana wa Kitanzania akingojea koleo.

Kwa hiyo mambo matatu hayana budi kufanyika. Kila kituo cha afya kiwe na tabibu wa meno mwenye vyombo na dawa za kuzibia, asiwe mtu wa kung'oa tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 itekelezwe kwa namna itakayomfanya mkulima na mchuuzi wasione kuziba jino kuwa mzigo mzito kuliko kuling'oa. Na walimu waanze kazi mapema, kwa kuwa meno ya ukubwani huanza kuota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na pengo la miaka 25 aghalabu lilianza kama tundu dogo darasani. Shule inayoruhusu pipi kuuzwa uwanjani mwake inafundisha somo moja asubuhi na kulifuta saa ya mapumziko.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, ulianza na watumishi wa Serikali. Wao wamekwisha kuonja manufaa ya kutibiwa mapema, na hawana haki ya kumhubiria uzembe asiyepata nafasi hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa upya. Jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena.