Matone ya Jicho na Saumu: Tusiipoteze Amana



Ndugu zetu katika imani, leo tunaandika juu ya jambo lililotuumiza hapa Dzaleka, nasi walimu wa madrasa tuna sehemu yetu ya lawama.

Mzee wetu mmoja alipandikizwa konea huko Nairobi kabla ya kufika Malawi. Konea ni kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Chake kilikuwa na kovu, akawekewa cha mtu aliyefariki, na akaona vizuri kwa zaidi ya mwaka. Ilipoingia Ramadhani akaacha kabisa matone yake ya dawa, akiogopa saumu isije ikabatilika. Hakutuuliza, nasi hatukuwahi kulisema darasani. Kabla ya Idi jicho likawa jekundu, mwanga ukawa unamuumiza. Jirani akampa maji ya majani atie. Alipofikishwa hospitali Lilongwe, konea ilikwishafanya ukungu.

Tuelewe linalotokea. Konea ya mtu mwingine ni ngeni mwilini, na kinga ya mwili yaweza kuishambulia hata baada ya miaka. Matone ndiyo yanayoituliza kinga hiyo, ndiyo maana daktari huyapunguza polepole kwa miezi, na wengine huyatumia kwa miaka. Wala mgonjwa asijiongezee mwenyewe, kwani yanaweza kupandisha presha ya jicho, na hiyo nayo hupofusha.

Mwaka 1905, Dk. Eduard Zirm alifanya upandikizaji wa kwanza uliofaulu, mjini Olomouc, katika Jamhuri ya Czech ya leo. Mgonjwa wake aliunguzwa na chokaa macho yote mawili. Jicho moja lilishindikana, la pili likaona. Basi kushindikana si alama ya imani dhaifu. Lakini kuacha dawa kwa kutojua, hilo tunaweza kulizuia.

Je, matone yanafunguza? Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, jicho si njia iliyo wazi ya kufika ndani ya mwili, hivyo hayafunguzi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, nalo liliyahesabu matone ya jicho kuwa hayabatilishi saumu. Mwenye wasiwasi na abonyeze pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili baada ya kutia, ili dawa isishuke kooni.

Wapo watakaosema yote ni kadari. Ni kweli, lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali.

Enyi wazazi na vijana wenye wagonjwa nyumbani, shikeni dalili hizi nne: jicho kuwa jekundu, mwanga kuumiza, kuona kupungua, na maumivu. Ikitokea hata moja, mgonjwa aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Akiwahi, mara nyingi konea huokoka. Asilifikiche jicho, asitie majani wala maziwa ya mama. Kupandikizwa tena kunawezekana, lakini matumaini hupungua kila mara, na konea ni adimu.

Rai yetu ni hii: kila mwezi wa Shaabani mas'ala haya yasemwe madrasani na kwenye hotuba ya Ijumaa, na msikiti utenge sadaka ya nauli ya mgonjwa kwenda Lilongwe. Jicho alilopewa ndugu yetu ni amana, nasi sote tumekabidhiwa.

Wabillahi tawfiq.